Bustani ya Flora: Nilivyojifunza Rangi za Mafuta kwa Kunakili Picha Moja

Hotuba hii niliitoa mbele ya kundi la wanaojifunza uchoraji wa rangi za mafuta. Walioshindwa kufika wameiomba, basi naiweka yote kama nilivyoisema, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani.

Walimu wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wenzangu wa brashi, na ninyi vijana mliojibanza nyuma na madaftari yenu, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze nilivyojifunza rangi za mafuta. Jibu fupi ni hili: nilinakili picha moja. Si picha kumi. Picha moja, kwa miezi 14, mpaka nikaijua kama mtu anavyoujua uso wa mzazi wake. Jibu refu ndilo lililotukutanisha hapa.

Picha yenyewe ni Ufalme wa Flora, kazi ya Nicolas Poussin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1594, akahamia Roma mwaka 1624 na kuishi huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Aliimaliza mwaka 1631. Leo inatunzwa Dresden, Ujerumani, katika jumba la Gemäldegalerie Alte Meister. Kimo chake ni kama sentimita 131, upana wake kama sentimita 181. Mimi niliinakili kutoka kwenye chapa nzuri ya karatasi, kwa nusu ya kimo na nusu ya upana, yaani robo ya eneo lake.

Itazameni. Katikati anacheza Flora, mungu wa kike wa maua kwa Warumi wa kale, gauni lake la kijani hafifu, mkono wake unamwaga maua. Nyuma yake vitoto vyenye mabawa vinacheza. Angani Apollo, mungu wa jua, anaendesha gari la jua linalovutwa na farasi wanne. Kuna chanja ya mimea itambaayo, kuna maji, kuna sanamu ya nguzo iliyovishwa koja la maua. Ukiitazama kwa nusu dakika utasema: hii ni sherehe.

Nami nilisema hivyo. Kosa langu nililigundua miezi mingi baadaye, na aliyenionyesha ni brashi, si macho. Nitalirudia jambo hilo, maana ndilo hasa lililonileta.

Kwanza tuliondoe jiwe lililo njiani. Wengi wenu mmeniuliza: kunakili si kuiba? Mtu mwenye kipaji chake anawezaje kukaa mwaka mzima akifuata mkono wa mtu mwingine?

Sikilizeni kisa hiki. Katika karne ya 3, mwandishi wa Kigiriki aitwaye Philostratus alieleza kwa maneno picha ya bustani ya matufaha. Humo vitoto vya mapenzi, vyenye mabawa, vinachuma matufaha, vinarushiana, vinamkimbiza sungura. Picha yenyewe hatunayo. Tunayo maneno. Zaidi ya miaka 1,200 ikapita. Mtawala wa Ferrara huko Italia, Alfonso d'Este, akataka bustani ile ichorwe kwa ajili ya chumba chake. Kazi akapewa Fra Bartolommeo, aliyefariki mwaka 1517 akiwa ameacha mchoro wa awali tu. Ikaangukia mikononi mwa Titian wa Venice, naye akaichora kati ya mwaka 1518 na 1519. Matufaha yamo. Sungura yumo. Titian alianza, basi, kwa kufuata bustani ya mtu mwingine.

Mwaka 1598 picha za chumba kile zilichukuliwa Ferrara zikapelekwa Roma. Poussin alipofika Roma akiwa kijana asiye na jina kubwa, picha hiyo ya Titian ilikuwa katika milki ya familia ya Ludovisi. Alifanya nini mbele yake? Yeye na rafiki yake mchongaji, François Duquesnoy, walikaa wakavisoma vile vitoto vya Titian kimoja kimoja. Walivinakili. Walivifinyanga. Walivigeuza huku na huku mpaka wakajua uzito wa paja la mtoto na mkunjo wa kiwiko chake. Sasa rudini kwenye bustani ya Flora muvitazame vitoto vinavyocheza nyuma yake. Mnadhani vilitoka wapi?

Picha ya Titian ilipoondolewa Italia kwenda kwa mfalme wa Hispania, imesimuliwa kwamba mchoraji Domenichino alilia. Rubens, mchoraji mkubwa wa Flanders, naye aliinakili. Nakala yake iko Stockholm, na ya Titian iko katika jumba la Prado, Madrid. Na huyo Rubens hakuwa mwanafunzi wa kunakili. Mwaka 1628 alikwenda Madrid akiwa mjumbe wa siasa, mtu wa miaka 51, jina lake linajulikana Ulaya nzima. Angeweza kupumzika. Badala yake alisimamisha turubai lake mbele ya picha za Titian zilizokuwa za mfalme, akanakili moja baada ya nyingine. Mtu wa miaka 51! Mtu ambaye wengine walikuwa wakimnakili yeye!

Alikuwa anaiba? Mwanafunzi wa ushairi anayekariri beti za malenga waliomtangulia anaiba? Wizi ni kuchukua jina. Ndiyo maana Louvre, jumba la makumbusho la Paris lililofunguliwa kwa umma mwaka 1793, linawaruhusu hadi leo watu kunakili humo ndani, ila kwa masharti: nakala isiwe na vipimo sawa na picha halisi, na saini ya mchoraji isinakiliwe. Tukiyashika hayo mawili, tuko salama, na mjadala huo mimi naufunga hapo. Nina mambo mazito zaidi ya kuwaambia.

La kwanza ni kivuli.

Ndugu zangu, ukiamua kunakili bustani, kitu gani kitakuita kwanza? Maua. Yatakuita yote kwa pamoja. Nami nilikwenda nilipoitwa. Jaribio langu la kwanza nilianza na maua: wiki tatu za brashi nyembamba, petali kwa petali, kila ua na jina lake. Wiki ya nne nikarudi nyuma hatua sita nikatazama. Maua yalikuwa yanaelea. Hayakuota popote. Yalikuwa kama karatasi za rangi zilizomwagwa juu ya kitambaa. Nililigeuza turubai lile likatazama ukuta, na siku mbili sikushika brashi.

Kilichokosekana ni nini? Ardhi. Giza lililo chini ya majani. Ua jeupe haliwi jeupe kwa sababu ya rangi nyeupe. Linakuwa jeupe kwa sababu ya kivuli kilicho nyuma yake. Nasema tena, na ninyi wa nyuma muandike: ua jeupe linakuwa jeupe kwa sababu ya kivuli kilicho nyuma yake. Poussin alijua hivyo kabla hajachora petali moja, kwa kuwa alianza na giza. Katika picha zake nyingi alipaka turubai kwanza rangi ya udongo, hudhurungi inayoelekea wekundu, kisha juu yake akajenga mwanga. Ukianza na kitambaa cheupe, unatumia miezi kutafuta giza. Ukianza na udongo, giza tayari liko, kazi yako ni kuwasha taa.

Basi nikaanza upya. Turubai jipya, jeso (rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa), kisha tabaka jembamba la hudhurungi. Chapa nikaichora miraba, na turubai nikalichora miraba ileile iliyokuzwa, nikahamisha mistari mikuu kwa chaki: mguu unaishia mraba upi, kichwa kinaanzia wapi, mkono huu unaelekeza wapi. Halafu, kwa majuma mengi, rangi mbili tu: hudhurungi ya udongo na nyeupe. Hakuna kijani. Hakuna wekundu. Nilikuwa nafinya macho mpaka picha inapoteza maua yake yote na kubaki mafungu matatu: giza, wastani, mwanga. Kama huwezi kuiona picha katika mafungu matatu, usifungue rangi ya nne.

Hapa niwaambie jambo ambalo ningependa ningeambiwa mapema. Walioandika habari za Poussin katika karne yake mwenyewe wanaeleza kwamba alikuwa akitengeneza vinyago vidogo vya nta, anavivisha vitambaa, anavipanga kama waigizaji jukwaani, na kuviweka ndani ya kisanduku ili aangalie mwanga unavyovigusa. Niliposoma hivyo niliweka brashi chini. Nilichukua sanduku la maboksi, nikatoboa tundu upande mmoja, nikafinyanga kwa udongo watu watano wa urefu wa kidole: Flora, kisha Ajax na Narcissus, watu wa visasili waliomo pichani, na wale wawili waliojilaza mbele kulia. Nikawapanga kama kwenye picha, nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi kwenye tundu lile.

Nilikaa chini. Vivuli ambavyo nilikuwa nimevinakili kama madoa, bila kuvielewa, vilikuwa vimelala mbele yangu, kila kimoja na sababu yake. Kivuli kile kirefu nilichodhani ni pambo kilikuwa cha goti. Doa lile nililotaka kuliacha lilikuwa chini ya mkono ulioinuliwa. Tangu usiku ule sikunakili kivuli tena bila kujua mwenye kivuli ni nani. Jaribuni. Udongo, sanduku na tochi, mtu hahitaji zaidi ya hivyo.

La pili ni wakati. Hapa nitasema kwa upesi mambo mengi ya mikono, kwa sababu vijana wameniuliza, kisha nitakaa mahali pamoja.

Rangi ya maji hukauka maji yanapopaa. Rangi ya mafuta haikauki hivyo. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa katika mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayapai. Yanavuta oksijeni kutoka hewani, yanajifunga, yanageuka utando mgumu. Tabaka jembamba linaweza kukauka kwa kuguswa baada ya siku chache. Kukauka mpaka ndani ni habari ya miezi, na tabaka nene ni zaidi. Ndiyo maana vanishi ya mwisho haipakwi juma lile unalomaliza. Watu husubiri miezi sita, wengine mwaka.

Kutokana na hilo inazaliwa kanuni ambayo kila mwalimu wenu atairudia mpaka mchoke: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mafuta mengi zaidi. Chini, punguza kwa tapentaini. Juu, ongeza mafuta kidogo kidogo. Ukigeuza, tabaka la juu litakauka kabla ya lile la chini, la chini litaendelea kujikunja, na la juu litapasuka. Na kila rangi ina tabia yake. Hudhurungi ya amba, aina ya udongo, ina madini ya manganizi, hukauka haraka. Nyeusi ya mfupa hukauka polepole sana.

Najua hivyo kutokana na kidonda. Nyuma ya Ajax, upande wa kushoto wa picha, nilitaka giza zito. Nikapaka nyeusi ya mfupa, nene, yenye mafuta, kwenye tabaka la chini. Siku tano baadaye nikapaka juu yake rangi nyembamba inayokauka upesi, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kufika kwenye mwili. Miezi miwili haikupita. Mistari myembamba ikajitokeza, kama ya tope lililopigwa na jua. Nililikwangua eneo lile lote kwa kisu nikalirudia. Majuma mawili ya kazi yaligeuka vumbi kwa sababu ya siku chache nilizokataa kusubiri.

Jambo jingine la mikono, na hili ni la usalama. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivirundike. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto. Kitambaa kilichokunjamana hulifungia joto hilo ndani na kinaweza kuwaka chenyewe, hakuna kiberiti. Vitandazeni vikauke, au vitieni kwenye chombo cha chuma chenye maji na mfuniko. Tafadhalini sana.

Sasa nikae nilipoahidi kukaa. Kijani.

Nani kati yenu ameona majani ya hudhurungi katika picha za kale? Bustani za karne ya 16 na 17 ambazo miti yake inaonekana kama imepigwa na kiangazi? Mnadhani wachoraji wale hawakujua rangi ya jani? Walijua. Wengi wao walitumia kijani kilichotokana na shaba, walichokipaka juu kabisa kama utando mwembamba unaopitisha mwanga. Kilikuwa kijani cha kumetameta. Lakini kijani kile, kikikaa na mwanga miaka mingi, huweza kugeuka hudhurungi. Wengine walichanganya buluu na manjano yaliyotokana na mimea. Manjano yale yakafifia, buluu ikabaki, na leo tunaona miti ya buluu ambayo mchoraji hakuikusudia hata kidogo. Ongezeni hapo jambo la tatu: rangi ya mafuta yenyewe, kadiri inavyozeeka, huzidi kupitisha mwanga. Kwa mtu aliyechora juu ya udongo wa hudhurungi, maana yake ni kwamba ule udongo wa chini unapanda taratibu kuja juu. Vivuli vinazama. Majani ya gizani yanapotea.

Basi swali. Anayenakili bustani anakili nini? Bustani aliyoichora mtu mwaka 1631, au bustani iliyozeeka pamoja na sisi?

Swali hilo lilinisimamisha mwezi mzima. Wapo wanaosema nakili unachokiona, basi, hayo mengine ni kubahatisha. Naheshimu kauli hiyo. Anayejifunza hana haki ya kumsahihisha mwalimu wake. Lakini jioni moja nilipaka kipande kidogo cha ubao kwa namna mbili. Nusu moja nikainakili hudhurungi ya majani kama ilivyo kwenye chapa. Nusu ya pili nikachora jani la kijivu, nikaliacha likauke, kisha nikapitisha juu yake kijani chembamba kilicholegezwa kwa mafuta. Ile ya kwanza ilikuwa sahihi na imekufa. Ya pili ilikuwa na mwanga unaoingia, unagonga kijivu, unarudi machoni umevaa kijani. Nikaelewa kwamba hudhurungi ile ya chapa ni masalia ya tendo, na mimi nilikuwa nimekuja kujifunza tendo. Tangu hapo msimamo wangu ni huu, na mwenye wake aushike: nakili utaratibu wa mchoraji, tabaka kwa tabaka, hata kama matokeo yatakuwa mabichi kuliko picha yake ya leo. Bustani yangu ni ya kijani kuliko ya Dresden. Sioni aibu.

Buluu ya anga nayo ina habari zake. Buluu iliyothaminiwa kuliko zote zama za Poussin ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Ya kutengenezwa viwandani ilipatikana miaka ya 1820 tu. Na rangi katika vitubu vya bati, hivi tunavyovifinya bila kufikiri, ni uvumbuzi wa mwaka 1841 wa John Goffe Rand, Mmarekani. Kabla ya hapo unga ulisagwa karakanani, ukahifadhiwa katika vifuko vya kibofu cha mnyama. Nawaambia hayo ili mnapofinya nukta ya buluu mkaiacha ikauke kibaoni bila kuitumia, mjue imesafiri.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Nilisema hii ni sherehe.

Poussin alipata kuulizwa habari za picha hii mahakamani. Mnunuzi wake wa kwanza, Fabrizio Valguarnera, mtu wa Sicilia, alishtakiwa Roma mwaka 1631 kwa almasi za wizi alizokuwa akizigeuza kuwa picha, na wachoraji waliomuuzia wakaitwa kutoa ushahidi. Poussin aliitaja kazi yake kwa maneno mepesi tu: bustani ya maua. Bustani ya maua! Nami kwa miezi tisa niliichora kama bustani ya maua.

Mwezi wa kumi nilifika kwenye mkono wa Hyacinthus. Yuko upande wa kulia, kijana amesimama. Mkono mmoja ameugusisha kichwani, na mwingine umeshika maua, anayatazama. Mkono ule wa kichwani ulinishinda. Niliuchora ukaonekana kama wa mtu anayepanga nywele. Nikaufuta. Nikauchora tena, ukaonekana wa mtu anayefikiri. Nikaufuta. Vidole havikutaka kukaa. Nikaacha brashi nikatafuta kisa chake kwa mshairi wa Kirumi Ovid. Hyacinthus alikuwa kipenzi cha Apollo. Walikuwa wakishindana kurusha kisahani. Kisahani alichokirusha Apollo kikamrudia kijana kichwani, akafa, na katika damu yake likaota ua.

Mkono ule haupangi nywele. Unagusa jeraha.

Ndugu zangu, nilisimama mbele ya turubai langu nikawatazama wengine mmoja mmoja kana kwamba nimewaona siku ile. Adonis, aliye na mbwa na mkuki: amesogeza vazi anatazama paja lake, na jeraha lililomuua liko hapo, la nguruwe mwitu. Ajax, kushoto: anajiangusha juu ya upanga wake mwenyewe, na mahali upanga ulipo pameota ua. Narcissus: amekitazama chombo cha maji, na ndani yake uso wake, uso utakaomuua kwa kuupenda. Clytie: ameinua macho kwenye jua kumtafuta Apollo aliyemwacha, mpaka akawa ua linaloligeukia jua. Crocus na Smilax, wale wawili waliojilaza mbele: mapenzi yao pia yaliishia kwenye maua, naye Crocus akawa zafarani.

Kila ua katika bustani ile ni mtu. Kila mtu katika bustani ile amekufa au yu karibu kugeuka. Na katikati yao, bila kumkwepa hata mmoja, Flora anacheza.

Nilikuwa nimeyachora maua yote yale. Nilikuwa nimeyachora mara mbili! Niliyatazama saa nyingi kuliko ninavyotazama watu ninaoishi nao. Sikuona. Nilihitaji vidole vitano vinishinde ndipo nione. Huko ndiko kunakili kunakokupeleka, mahali ambapo kutazama peke yake hakukufikishi. Anayetazama anaweza kuruka. Anayenakili hawezi kuruka kidole. Kila kidole lazima akiweke mahali, na ili akiweke mahali lazima ajue kinafanya nini, na ili ajue kinafanya nini lazima aulize mtu huyu ana nini.

Nikarudi kwa Hyacinthus. Safari hii sikuchora mkono. Nilichora mtu anayeugusa mwanzo wa maumivu yake kwa upole, kama mtu asiyeamini bado. Vidole vikakaa jioni hiyohiyo. Kisha ikabidi nirudie mengine mengi. Ajax nilikuwa nimempa mwili wa mwanariadha anayeruka; nikamwongezea uzito. Maua yaliyo karibu na upanga nilikuwa nimeyapa rangi ya furaha, nikayatuliza. Flora sikumgusa kwa majuma matatu, kwa sababu sikujua tena tabasamu lake lina maana gani. Anawasherehekea? Anawaliwaza? Anawajua kwa majina? Nilipomrudia nilifuata chapa tu, kivuli kwa kivuli, nikamwachia Poussin siri yake.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni: mbona visasili vya kigeni, mbona Warumi? Ni swali zuri. Kwa sababu walimu wa rangi za mafuta wa karne zile waliweka ndani ya visasili hivi kila kitu wanachotaka mwanafunzi akijue: mwili uliolala na unaoruka, kitambaa chepesi na chuma kizito, maji, mbwa, farasi, mtoto, jani, wingu. Bustani moja, shule nzima. Na kwa sababu mtu anayegusa jeraha lake hahitaji mkalimani.

Nakala niliimaliza mwezi wa 14. Nyuma ya turubai nimeandika kwa mkono wangu: imenakiliwa kutoka kwa Poussin, na mwaka. Mbele sikuandika jina, si lake wala langu.

Nimekuja nayo. Iko kwenye kiunzi pale karibu na dirisha, na vile vinyago vya udongo viko mezani chini yake pamoja na sanduku na tochi. Taa za upande ule zizimwe kidogo, tafadhali. Nendeni kwa zamu, watoto kwanza. Mguu wa Flora anaoukanyagia bado haujakaa sawa ardhini, nimeujaribu mara saba. Atakayeona kosa liko wapi aje aniambie kabla hatujatawanyika, brashi ninazo.